Uliza Mzee wa Benchi: Kocha aliyevaa jezi

*Shikamoo Mzee wa Benchi. Mimi ni senta, yule mrefu wa karibu na kikapu, na ni nahodha wa timu yetu ya kikapu. Kocha ametuacha katikati ya msimu, na wenzangu wananing'ang'ania niifundishe timu huku nikiendelea kucheza. Mmoja kanitolea mfano wa Bill Russell wa Boston Celtics. Aliwezaje yule? Na mimi nikubali? — Nahodha Njia Panda*

Marahaba, nahodha. Ngoja kwanza nikwambie nilivyoumbuka mimi, kisha tutakwenda Boston.

Niliwahi kuwa kocha mchezaji kwa msimu mmoja. Mechi ya tatu, zimebaki sekunde kama 40, tunaongoza kwa pointi moja, nikamwona mwenzetu mmoja anachechemea. Nikageuka kuangalia benchi nimtafute wa kumwingiza. Kugeuka tu, yule niliyekuwa namkaba akapita nyuma yangu, akapokea pasi, akafunga taratibu kama yuko mazoezini. Benchi zima lilikuwa linanitazama, nami nalitazama lenyewe. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Sasa Russell. Alizaliwa Monroe, Louisiana, mwaka 1934, akakulia Oakland, California. Akiwa Chuo Kikuu cha San Francisco alichukua ubingwa wa vyuo mara mbili, 1955 na 1956, na mwaka huohuo wa 1956 akaleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Melbourne. Boston alicheza misimu 13 na kutwaa makombe 11. Hayo utayakuta popote. Kinachokuhusu wewe ni miaka mitatu ya mwisho.

Aprili 1966 Boston walipoteza mechi ya kwanza ya fainali mbele ya Lakers wa Los Angeles; fainali yenyewe ni mfululizo, anayetangulia kushinda mechi nne ndiye bingwa. Kocha wao, Red Auerbach, alikuwa ameshasema anastaafu. Mara baada ya mechi hiyo akamtangaza mrithi wake: Russell, miaka 32, ambaye ataendelea kucheza. Badala ya kuandika habari za Lakers, magazeti yakamwandika Russell. Mjanja yule mzee! Boston wakachukua kombe kwa mechi ya saba.

Kabla ya hapo Auerbach alikuwa amewagusia wachezaji wake wengine wa zamani, wakakataa. Tom Heinsohn alikataa akijua kwamba kumwongoza Russell si kazi ya mchezo. Russell alikuwa mgumu mazoezini, hapendi kuamrishwa, na kabla ya mechi kubwa alikuwa anatapika kwa wasiwasi. Ikaonekana anayemweza Russell ni Russell.

Ndivyo alivyokuwa kocha mkuu wa kwanza Mweusi katika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Siku ya kutangazwa aliulizwa na mwandishi kama ataweza kufanya kazi bila kuwabagua weupe. Akajibu kwa neno moja, ndiyo. Sijawahi kusikia kocha mweupe wa enzi zile akiulizwa swali hilo kwa upande wa pili.

Msimu wa kwanza ulimtoa jasho. Hakuwa na kocha msaidizi: kuhesabu faulo, kubadilisha wachezaji, kuita taimauti (kusimamisha mchezo kwa muda mfupi), yote juu yake, na bado amkabe Wilt Chamberlain, senta jitu wa Philadelphia. Walishinda mechi 60, lakini Philadelphia ya Wilt ikawatoa kwa mechi 4-1, na ubingwa wa miaka minane mfululizo ukakatika. Russell alikwenda hadi chumba cha wapinzani kuwapongeza. Mwaka uliofuata, 1968, walikutana tena, Boston wakawa nyuma 3-1, wakashinda mechi tatu zilizobaki. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kutoka shimo hilo katika NBA. Kombe likarudi.

Kitu kimoja ningependa ukitazame kwa karibu, nahodha. Fainali ya 1969, mechi ya nne, Lakers wanaongoza mechi 2-1, na katika mchezo huo wako mbele 88-87. Zimebaki sekunde 7. Wakati wa taimauti, wachezaji wake John Havlicek na Larry Siegfried, waliosoma pamoja chuo cha Ohio State, wanapendekeza mchezo waliokuwa wakiutumia huko chuoni: wenzao watatu wasimame kama ukuta, Sam Jones azunguke nyuma yao atupe. Kocha anakubali. Kisha kocha anajitoa uwanjani yeye mwenyewe, kwa sababu katika mitupo huru alikuwa dhaifu, asilimia 56 tu maishani mwake, na kama faulo ingetokea asingetaka mpira uwe mkononi mwake. Jones akateleza, akatupa mguu ukiwa vibaya, mpira ukagonga rimu, ukaruka, ukaingia. 89-88. Baadaye Jones akaeleza kwamba aliuzungusha mpira kwa nyuma ili ukikosa Russell aurukie. Wenzake wakamkumbusha: Russell alikuwa benchi!

Hapo ndipo ninapomwona kocha. Kupanga ukuta kama ule kila mtu anaweza, na mara hii hata hakuipanga yeye. Lakini mchezaji bora kuliko wote wa zama zake kujiangalia na kusema, kwa sekunde hizi 7 mimi sifai, hilo mimi sikuliweza hata kwenye ligi yetu ya vumbi.

Mechi ya saba ilichezwa Los Angeles. Mwenye timu ya Lakers alikuwa ameshatundika maputo darini yaachiwe wakishinda, na karatasi ya ratiba ya sherehe ikamfikia Russell, akawaonyesha wenzake. Boston walikuwa mbele sana robo ya nne ilipoanza. Chamberlain, ambaye sasa alikuwa Lakers, akaumia goti, akatoka. Alipotaka kurudi, kocha wake akamkatalia, na wakabaki wawili hao kununiana huku saa inakwenda. Upande wa pili kocha na senta walikuwa mtu mmoja, umri miaka 35, amecheza dakika zote 48 na kuokota ribaundi 21, yaani mipira iliyokosa kikapu. Boston 108, Lakers 106. Baada ya hapo Russell aliacha vyote viwili, kucheza na kufundisha.

Kwa hiyo kubali, ila kabla hujakubali mtafute mwenzako mmoja asiyekuogopa, akae benchi ahesabu faulo na saa, na mpe ruhusa mbele ya timu nzima ya kukutoa wewe. Kama hayupo wa kukutoa, kazi hiyo iache.

*Mzee, usitupambie. Kama Russell alikuwa kocha kweli, mbona alipokwenda kufundisha Seattle na Sacramento hakuchukua kitu? Alibebwa na Russell mchezaji. — Mbishi wa Jukwaani*

Umenikamata nusu, Mbishi. Seattle alikaa 1973 hadi 1977, akaifikisha timu hiyo kwenye mchujo wa kuwania ubingwa kwa mara ya kwanza katika historia yake, 1975. Kombe lilikuja 1979 chini ya Lenny Wilkens, baada ya Russell kuondoka. Sacramento, msimu wa 1987-88, ilikuwa balaa tupu: ushindi 17, vipigo 41, akaondolewa kabla msimu haujaisha.

Mimi naona hivi. Elimu yake nyingi ilikuwa mikononi. Wengine wakizuia mtupo huupiga mpira hadi kwa watazamaji, jukwaa linashangilia, na wapinzani wanarudishiwa mpira. Russell aliugusa tu, ukabaki uwanjani, ukaangukia kwa mwenzake, na shambulio likaanzia hapo. Utamwelezaje kijana jambo hilo ukiwa umevaa suti? Boston hakuhitaji kulieleza, alilifanya, na wenzake walijua wakimbilie wapi. Hata hivyo Jumba la Heshima la mpira wa kikapu lilimwingiza mara mbili, 1975 kama mchezaji na 2021 kama kocha, mwaka mmoja kabla hajafariki. Waliopiga kura hawakukubaliana nawe, Mbishi, wala nami kikamilifu.

*Habari za siku, mzee mwenzangu. Siku hizi NBA mbona hatuwaoni makocha wachezaji? — Goti Bovu*

Njema, ndugu yangu, pole na goti. Ni kanuni. Tangu ligi iweke kikomo cha mishahara ya wachezaji katikati ya miaka ya 1980, mtu mmoja haruhusiwi kushika kazi zote mbili, maana timu ingeweza kumlipa nyota wake fedha za ziada kwa jina la ukocha. Wa mwisho alikuwa Dave Cowens, msimu wa 1978-79, naye senta, naye wa Boston. Alishinda mechi 27, akapoteza 41, na msimu uliofuata akarudi kuwa mchezaji tu.