Ukomo wa mihula si dawa ya kila kitu

Ndugu, umeuliza mbunge wa bunge la jimbo (si la taifa) huko Marekani akikaa miaka mingi anawafaa nini wananchi. Mtazame Ernie Chambers wa jimbo la Nebraska, kinyozi kutoka kaskazini mwa mji wa Omaha aliyeingia bunge la jimbo hilo mwaka 1971 na kuhudumu jumla ya miaka 46. Alipeleka muswada wa kufuta adhabu ya kifo karibu kila mwaka, akashindwa tena na tena. Mei 2015 ukapita. Gavana akaupinga kwa kura ya turufu, bunge likamshinda kwa kura 30 dhidi ya 19, yaani zilezile 30 zilizohitajika! Mwaka uliofuata wapigakura wakairudisha adhabu hiyo. Kabla ya hapo, ukomo wa mihula, yaani sheria inayomzuia mbunge kupita mihula miwili mfululizo, ulikuwa umemtoa 2009, akarudi 2013. Kwangu mimi, ule ung'ang'anizi wake ulikuwa utumishi hasa.