Mbwa na Nyama Mbichi

SWALI: Ndugu Mhariri, kila Jumamosi muuza bucha hunipa mapafu na mifupa ya ng'ombe kwa ajili ya mbwa wangu wawili. Je, niwape vikiwa vibichi? — Msomaji, Tabora.

JIBU: Ndugu msomaji, mapafu usiwape mabichi kamwe. Mapafu na maini, hasa yenye malengelenge ya maji, huweza kubeba mabuu ya tegu aitwaye Echinococcus, ambaye hukomaa ndani ya utumbo wa mbwa bila kumdhoofisha, kisha mayai yake hutoka na kinyesi na, yakimezwa na mtoto anayecheza uani, humletea uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, unaokua polepole kwa miaka. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi. Yachemshe kwa angalau dakika 30, nao mbwa wapewe dawa ya prazikwanteli kwa maelekezo ya daktari wa mifugo.

Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Mibichi ina nafuu, ingawa nayo huvunja meno na kubeba bakteria wa Salmonella. Ukitaka kalsiamu, dagaa wa Kigoma waliochemshwa wazima bila chumvi, wakachanganywa na ugali, wanafaa zaidi.