Meme jukwaani, Mbeya

Kaka uliyeuliza kwa nini utani wako wa meme, zile picha za kuchekesha zinazosambaa mtandaoni, unawavunja mbavu wanachuo wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) ila sokoni Mwanjelwa watu wanakukodolea macho tu: meme inamtaka msikilizaji awe ameshaiona picha. Ile ya jamaa anayegeuka kumtazama dada mwingine huku mpenzi wake kakasirika ilivuma 2017. Ukiitaja tu, mama muuza viazi hana cha kucheka. Usiieleze, utani ukishaelezwa umekufa. Igize! Geuza shingo polepole, muweke jamaa pale Kabwe anasubiri daladala, baridi ya Julai, koti hadi masikioni. Khaby Lame, yule mchekeshaji wa TikTok, hasemi neno, mikono tu, na watu wanacheka. Halafu meme za usajili wa wachezaji wa mpira punguza, zinachacha upesi mno.