Usianze kwa Kuuliza Mtume Wao Ni Nani

Nilipoajiriwa kuwa karani wa hesabu katika duka moja la jumla la vitambaa mjini Mombasa, nilidhani ninawafahamu Wahindi kwa kuwa nilikua nikiwaona kila siku. Siku ya tatu kazini nilimwuliza mwenye duka, kwa heshima zote, mtume wao ni nani na kitabu chao ni kipi. Alikuwa akihesabu majora ya kaniki. Akacheka, akaniambia, "Hiyo ni ngumu kuliko hesabu za mwaka. Kamwulize Ba." Ba alikuwa mama yake mzazi, bibi wa miaka 80 na ushei, nasi wafanyakazi tulimwita hivyo hivyo kama walivyomwita wajukuu zake. Miaka 6 niliyokaa pale, pamoja na mingine niliyofanya kazi katika kiwanda cha nguo chini ya msimamizi aliyetoka Sri Lanka, ndiyo iliyonipa ushauri ninaoutoa hapa kwa yeyote anayeanza kujifunza Uhindu na Ubudha: usizipime dini hizi kwa maswali ya dini yako. Tafuta kwanza swali ambalo zenyewe zinajaribu kulijibu.

Kabla ya hapo, safisha maneno, kwa sababu Kiswahili chetu kinatutega. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, na Mhindu ni mfuasi wa Uhindu. Katika mtaa wa duka letu walikuwapo Mabohora na Waismailia, ambao ni Waislamu, Wagoa, ambao ni Wakatoliki, na pia Masingasinga na Wajaini, ambao wana dini zao wenyewe, na wote hao tuliwaita Wahindi bila kuwatofautisha. Wahenga waliposema "Baniani mbaya kiatu chake dawa" walimkusudia mfanyabiashara wa Kihindu, na neno lenyewe limetokana na jina la tabaka la wachuuzi wa Gujarat. Methali hiyo sikuthubutu kuitamka mbele ya Ba. Hata jina "Hindu" halikuanza kuwa la dini; Waajemi walilitumia kwa nchi na watu wa upande wa mto Sindhu, ambao leo tunauita Indus. Wenyewe wengi husema Sanatana Dharma, yaani njia ya milele.

Ba alinijibu kwa maneno machache: "Mtume hatuna. Wako waliosikia tu." Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba jibu lile lilikuwa sahihi kabisa, kwa sababu maandiko ya msingi ya Uhindu, yaani Veda nne, huitwa shruti kwa Kisanskriti, na maana yake ni kile kilichosikiwa. Kongwe kuliko zote ni Rigveda, yenye tenzi 1,028, ambayo wataalamu wengi hukadiria kuwa ilitungwa baina ya mwaka 1500 na 1000 KK kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi, ikapokezwa kwa mdomo kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi, silabi kwa silabi, kwa karne nyingi kabla ya kuandikwa. Huko huko, kando ya Indus, miji ya Harappa na Mohenjo-daro ilikuwa imestawi tangu takriban mwaka 2500 KK. Wapo wanaotangaza kwa uhakika mkubwa kwamba wanaijua dini ya watu wa miji hiyo. Waulize wameisoma wapi, maana hati yao haijapata kusomeka hadi leo.

Swali lenyewe ninalolisema linajitokeza wazi katika Upanishad, mafundisho yaliyofuata Veda za mwanzo, ambamo sadaka za moto zinaachia nafasi mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi juu ya kilichomo ndani ya mtu. Ba alinifundisha moja ya mazungumzo hayo asubuhi moja ambayo wateja walikuwa wachache. Alitia chumvi katika bilauri ya maji, akaiweka juu ya kabati, akaniambia tutaongea kesho. Kesho yake akasema, "Haya, nirudishie chumvi yangu." Nikatazama, sikuona kitu. Akaniamuru nionje maji ya juu, kisha akamwaga kidogo nikaonja ya katikati, kisha ya chini kabisa. Kote chumvi. Hivyo ndivyo Uddalaka anavyomfundisha mwanawe Shvetaketu katika Chandogya Upanishad: ukweli wa mwisho, Brahman, umeenea katika kila kilichopo bila kuonekana, na nafsi ya ndani ya mtu, atman, ndiyo huo huo.

Kama nafsi ni hiyo, mbona tunahangaika? Jibu ni kwamba hatuijui, na kwa kutoijua tunatenda, na kila tendo, karma, huacha matunda ambayo sharti yavunwe, kama si katika maisha haya basi katika mengine. Mtu huzaliwa, hufa na kuzaliwa tena. Kutoka katika mzunguko huo ndiko kunakoitwa moksha, na njia za kutoka ni zaidi ya moja: ujuzi, matendo yasiyotamani malipo, au mapenzi kwa Mungu. Bhagavad Gita, yenye beti 700, inazizungumzia zote katika maneno ya Krishna, Mungu katika umbo la mwanadamu, kwa Arjuna, shujaa aliyesita kupigana katika uwanja wa vita wa Kurukshetra. Jihadhari tu na sentensi zinazoanza "Wahindu wanaamini kwamba." Shankara alifundisha kuwa nafsi na Brahman ni kitu kimoja, Madhva, katika karne ya 13, akafundisha kuwa Mungu na nafsi ni viwili milele, na wote wawili ni wanazuoni wakubwa wa dini hiyo hiyo. Kuhusu wingi wa miungu, Rigveda yenyewe ina mstari usemao kwamba kilicho kweli ni kimoja, wenye hekima hukiita kwa majina mengi.

Nilifanya makosa mengine, na moja linanitia haya mpaka sasa. Wakati wa Diwali, sikukuu yao ya taa, wafanyabiashara wa Kigujarati hufungua vitabu vipya vya hesabu na kuviombea baraka. Nilikabidhiwa daftari jipya, nikafunua ukurasa wa kwanza nikakuta alama ya msalaba wenye ncha zilizopindwa, imechorwa kwa rangi nyekundu. Niliijua kutokana na picha za Wajerumani wa Hitler tu. Nililifunga daftari nikakataa kuliandika, nikanong'ona na wenzangu mchana kutwa, na ni mpakizi wa mizigo, kijana wa Kwale, aliyeniambia kwamba swastika ilikuwa ishara ya heri kwao maelfu ya miaka kabla ya Hitler kuzaliwa. Ningeuliza kwanza, ningeepuka aibu ile. Daftari lenyewe nililiandika mwaka mzima.

Ubudha nilikutana nao kiwandani, na ninafurahi kwamba nilianza na Uhindu, kwa sababu Budha hakusemea hewani. Alisema na watu waliokwisha kuamini karma na kuzaliwa upya. Siddhartha Gautama wa ukoo wa Shakya alizaliwa Lumbini, katika Nepali ya leo, akaishi wakati fulani baina ya karne ya 6 na ya 4 KK. Mapokeo yanasema aliacha nyumba, mke na mtoto mchanga akiwa na miaka 29, akajitesa kwa saumu kali hadi karibu afe, akaona kuwa mateso hayo nayo hayafai, na akiwa na miaka 35 akaketi chini ya mti mahali panapoitwa leo Bodh Gaya mpaka akazinduka. Ndiyo maana ya "Budha": aliyezinduka. Yule mnene anayecheka, anayeuzwa katika maduka ya mapambo, ni mtawa wa Kichina aitwaye Budai, wala si Gautama.

Hotuba yake ya kwanza, Sarnath karibu na Varanasi, imepangwa kama maneno ya tabibu. Maisha yamejaa dukkha, neno tunalolifasiri "mateso" ingawa linabeba pia ule uchungu mdogo wa kitu kizuri kisichodumu. Chanzo chake ni kiu ya kutaka na kung'ang'ania. Kiu hiyo inaweza kukoma. Na njia ya kuikomesha ina sehemu nane, kuanzia mtazamo ulio sawa hadi utulivu wa akili ulio sawa. Mungu muumba hana nafasi katika tiba hiyo, na tabaka alilozaliwa mtu halimfungii mlango. Jambo hilo la tabaka halikuishia zamani: tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, B. R. Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa walioitwa wasiogusika, waliowekwa chini kabisa katika matabaka ya Kihindu, na aliyeongoza kamati ya kuandika rasimu ya katiba ya India, aliingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake.

Tofauti iliyo ngumu zaidi inahusu nafsi. Budha alikana kuwapo kwa atman ya kudumu, na hapo ndipo nilipokwama, hasa mama yake msimamizi wetu alipofariki. Alitualika wachache nyumbani kwake siku ya kuwalisha watawa. Baada ya dua, yeye na dada zake walishika birika pamoja wakamimina maji polepole katika kikombe kilichowekwa juu ya sahani, mpaka kikajaa, kikafurika, wakiendelea kumimina, ili thawabu za siku ile zimfikie marehemu.

Tulipobaki wawili nilimwuliza, "Mzee, mnasema hakuna roho ya kudumu. Sasa maji haya yanamwendea nani?" Hakukasirika. Alichukua mshumaa uliokuwa ukiwaka, akawashia mwingine, akauzima wa kwanza. "Mwali huu ni ule?" Nikasema siyo. "Basi ni mwingine kabisa, hauhusiani na ule?" Sikuweza kusema hivyo pia. Akaniambia kwamba mtawa Nagasena alimpa jibu kama hilo mfalme Mgiriki aliyeitwa Milinda, na kwamba nirvana maana yake ni kuzimika, moto wa kiu unapokosa kuni.

Nilipoteremka Mombasa mwisho wa mwezi nilipita dukani kumsimulia Ba. Alinisikiliza hadi mwisho huku akiviringisha utambi wa pamba kwa ajili ya taa yake ya samli, kisha akasema, "Ni mtu mwema huyo. Mwambie chumvi haijaenda popote."