Re: Kadi ya Jordan ya 1986, nitajuaje ni halisi?

Salama mkuu. Kwa hiyo kuna mtu hapo soko la Toi, Nairobi, anakuuzia kadi ya Michael Jordan, yule wa mpira wa kikapu, ya kampuni ya Fleer 1986, namba 57, nawe unashuku ni feki. Una haki, hiyo huigwa sana.

Azima lenzi ya sonara, ile ya mara 10, uanze na herufi. Picha lazima iwe na vidoti. Herufi ziwe za wino mmoja uliojaa, kingo zimekatika safi. Nakala ya skana hugeuza hata herufi kuwa vidoti.

Halafu rula: takriban milimita 64 kwa 89. Ikipungua, huenda imekatwa kuficha pembe zilizochakaa. Takwimu za mgongoni (mechi 18 tu msimu wa 1985–86, aliumia mguu) zisikutulize, mwigaji hunakili zote. Akikataa uitoe kwenye plastiki, achana naye.