Pinboli ya relei inapokataa kuanza, angalia kwanza imekwamia wapi

Pinboli (mashine za kuchezea kipira cha chuma) za kampuni za Gottlieb, Williams na Bally zilizotengenezwa Chicago katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 hazina kompyuta ndani. Kazi yote hufanywa na relei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme), koili (waya uliozungushwa unaovuta chuma ukipata umeme) na swichi za vibati, kila hatua ikisubiri iliyotangulia ikamilike. Basi usikunje kibati hata kimoja kabla hujajua mashine imesimama hatua gani. Vibati vilivyokunjwa kwa kubahatisha huzaa hitilafu mpya juu ya ile ya zamani.

Ikiwa haina uhai kabisa, chomoa plagi, toa fyuzi moja moja na uzipime kwa multimita. Macho hudanganya; fyuzi huweza kuonekana nzima kumbe imekatika. Weka mpya yenye ampea zilezile zilizoandikwa kwenye mashine. Ikiungua tena, kuna koili au waya uliopiga shoti, na fyuzi kubwa zaidi itakuunguzia transfoma. Mashine za soko la Marekani ni za volti 115, kwa hiyo penye volti 240 lazima ipite kwenye transfoma ya kushusha.

Taa zinawaka lakini kitufe cha kuanzia hakijibu? Tazama kihesabu cha krediti, yaani michezo iliyolipiwa. Kikiwa kwenye sifuri, swichi yake hukata njia ya kitufe, na wengi huhangaika saa nzima na mashine isiyo na kasoro. Ongeza krediti kwa mkono, ujaribu tena. Kisha chomoa na kurudisha plagi kubwa zinazounganisha kichwa (sanduku la juu lenye alama) na kabati, kwa kuwa pini zake hushika kutu.

Penye kazi zaidi ni pale unapobonyeza kitufe na mota ya ndani ikazunguka bila kukoma. Katika mashine nyingi zinazoonyesha alama kwa magurudumu ya namba, mota hutuma mapigo ya umeme hadi kila gurudumu lifike sifuri, na kila gurudumu lina swichi inayofunguka likifika hapo. Soma alama. Gurudumu moja likigoma kwenye 3, tuseme, chunguza koili yake, waya uliokatika pale ulipolehemiwa, au grisi ya zamani iliyoganda. Fungua, safisha kwa spiriti, ulirudishe kavu. Yote yakisoma sifuri na mota bado inazunguka, ipo swichi ya sifuri isiyofunguka. Hapo ndipo ukunje kibati, kidogo sana: pointi (sehemu za vibati zinazogusana) zikiwa wazi zikae kama milimita 1.5 mbali, na zikifunga, kibati kirefu kisukume kingine kidogo ili zijisugue.

Pointi safisha kwa tupa laini ya pointi, mashine ikiwa imechomolewa. Msasa huacha chembe. Mafuta ya kupuliza usiyaguse kamwe: swichi hizi hutoa cheche, nayo yanashika moto.