Zahanati ijengwe wapi? Yaliyotukuta kwenye kamati ya ujenzi

Mkuu, umesema mwenyekiti wenu anataka zahanati ikae jirani na ofisi ya kijiji kwa sababu "ni katikati", na kitongoji cha mbali kimegoma kuchangia. Nilikuwa kwenye kamati ya ujenzi kijijini kwetu enzi za MMAM (Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi), ule mpango wa serikali ya Tanzania ulioanza 2007 uliotaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Ugomvi ulikuwa huu huu.

Kwetu vitongoji vitatu vimefuata barabara moja. Cha kwanza kina kaya kama 300. Kilomita 4 mbele kuna cha pili, kaya 150. Cha mwisho kiko kilomita 10 kutoka cha kwanza, kaya 50. Nusu ya njia, kilomita 5, hakuna nyumba, ni mibuyu mitupu. Nikakaa na daftari: ukijenga kitongoji cha kwanza, kaya inatembea wastani wa kilomita 2.2, cha pili, kilomita 3, pale kwenye mibuyu, 3.8. Yaani hiyo "katikati" wanayoipigia debe ndiyo inayochosha watu wengi zaidi.

Ila wastani nao una ujanja wake. Ukijenga cha kwanza, mtu wa mwisho anatembea kilomita 10. Ukijenga cha pili, 6. Zile kaya 50 humezwa na 300 na hazionekani tena kwenye hesabu. Mimi nilitetea cha pili.

Halafu kuna korongo kati ya cha pili na cha tatu. Kiangazi tulivuka bila kulowa. Masika tulirudi makusudi, tukamkuta mama kambeba mtoto mgongoni, kakaa kwenye jiwe anasubiri maji yapungue. Tulimwacha pale saa nane mchana. Ramani ya halmashauri ilionyesha kamstari kembamba tu.

Kilichoamua mwishoni si hesabu wala korongo. Mzee mmoja alijitolea eka mbili pembeni kabisa ya kitongoji cha kwanza, mkutano mkuu ukapiga makofi, basi. Eneo la bure hushinda hoja zote, aisee. Wala hakuna aliyeuliza maji yatatoka wapi. Nesi wa kwanza alikuwa anachota mbali, nyumba ya mtumishi haijaisha, akaomba uhamisho.

Kina mama wa kitongoji cha tatu wakawa wanaleta watoto chanjo ya kwanza, zinazofuata hawaonekani. Kilichosaidia ni huduma mkoba: mara moja kwa mwezi nesi anapanda pikipiki na kikasha cha chanjo, anapima watoto chini ya mwembe wa shule kule kule. Tulihangaika sana kuipata, kwa sababu haikuandikwa popote.

Kwa hiyo hao waliogoma msiwatishie mgambo. Waulizeni watakubali nini zahanati ikiwa mbali nao: huduma mkoba, kivuko, au wapunguziwe mchango. Kisha kiandikwe kwenye muhtasari ule ule unaopitisha eneo, si "tutaona baadaye". Idadi ya kaya chukueni kwa wenyeviti wa vitongoji, na njia mtembee wenyewe wakati wa mvua.

Mwenyekiti mwende naye. Wa kwetu alikuwa na pikipiki, na lile korongo hajawahi kulivuka kwa miguu mpaka siku ile.